Fundi wa Nje ya Ukuta

Mashine ilifika Kedowa siku ya Jumatatu, juu ya mkokoteni wa ng'ombe uliotoka stesheni ya Londiani. Maili ya mwisho Ondieki aliitembea kwa miguu kando ya gurudumu, mkono mmoja juu ya sanduku, akimfokea mwenye ng'ombe kila walipokanyaga jiwe. Mwenye ng'ombe alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia, akamuuliza kama ndani mna maiti ya mtu au mayai. Macho ya Ondieki yalikuwa kwenye kamba za sanduku tu, kama zinashika.

Ondieki alikuwa Mgusii wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye vidole vilivyoungua mara nyingi mpaka vikasahau maumivu. Miaka kumi na minne alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai upande wa Kericho, na huko ndiko alikojifunza kuchomelea chuma kwa moto wa gesi, kazi ambayo wakati ule, mwaka wa 1935, Waafrika walioijua walikuwa wa kuhesabu. Kifua kilipoanza kumsumbua aliacha kazi, akaja Kedowa, akapanga kiwanja nyuma ya duka la Mhindi. Kiwanja kilikuwa na mapaa mawili. Moja lilikuwa la kijumba cha udongo, akalala yeye. La pili lilikuwa la gereji ya mbao za mtarakwa, ambamo Mhindi alikuwa akiweka lori lake mpaka lori lilipokufa.

Watu wa Kedowa walisema fundi ameleta mashine ili atajirike, maana mashamba ya pale yalikuwa na plau nyingi na mawe mengi, na plau zikikutana na mawe fundi hafi njaa. Sababu hiyo ilikuwepo. Lakini nitasema ukweli wa Ondieki, kwa kuwa yeye mwenyewe asingeusema: mashine ile ilikuwa chambo. Alikuwa na mtoto mmoja duniani, Atuti, kijana wa miaka ishirini na mitano, aliyekuwa akifuta treni mafuta huko Nakuru. Walikuwa wameonana mara tano katika miaka kumi. Ondieki alikuwa amechoka kula peke yake, na amechoka zaidi kuzungumza na sufuria. Akamwandikia barua: njoo, nimeagiza mashine ya kuchomelea, nitakufundisha, tutafanya kazi pamoja. Atuti akajibu kwamba atakuja.

Basi alipofungua sanduku, Ondieki hakuwa anafungua chuma. Alikuwa anamfungulia mwanawe mlango. Alitoa tangi lenye miguu minne, maji hukaa chini na mawe ya kabaidi hukaa juu, na mawe yakidondokea maji ndipo gesi inazaliwa, yenye harufu ya kitunguu saumu kilichooza. Akatoa mipira miwili, mmoja mwekundu wa gesi na mmoja mweusi wa hewa, akatoa bomba la shaba lenye mdomo mwembamba na midomo mingine ya kubadilisha, kila mmoja na namba yake, akatoa miwani ya bluu. Chupa ndefu ya chuma yenye hewa ya oksijeni ilikuja imelala peke yake, akaisimamisha ukutani na kuifunga kwa mnyororo.

Halafu akafanya jambo ambalo fundi wa haraka asingelifanya. Aliwahi kuona tangi la namna ile likipinduka na kumla mtu nyusi na nusu ya sikio. Kwa hiyo akachimba kwenye pembe ya ndani kabisa ya gereji, mbali na mlango na mvua, akachanganya simiti, akaizamisha miguu ya tangi mpaka magotini. Alilala kifudifudi na pima maji, akafumba jicho moja, akagonga kidogo huku, akagonga kidogo kule. Kazi ya nusu siku aliifanya siku mbili. Ilipokauka, tangi lile hata ng'ombe wawili wasingeling'oa.

Kando ya tangi alitundika turubai kuukuu la lori, na nyuma ya turubai akaweka kitanda cha Atuti. Atuti alikuwa na mke, ndiyo. Ng'ombe wa mahari aliwatoa ndugu yake Ondieki, mzee Gekara, aliyebaki nyumbani Gusii akiliangalia boma, na harusi ilipita Ondieki akiwa kiwandani. Hakumjua mkwewe hata kwa sura. Lakini wake za watu wa kazi walikaa nyumbani wakilima, ndivyo ilivyokuwa, na mwanamume akija kazini anakuja na blanketi yake. Kitanda kimoja kilitosha.

Mashine hakuiwasha. Kabaidi ilikuwepo ndani ya mkebe wake, maji yalikuwepo, na vidole vilikuwa vinamwasha mpaka akawa anavikalia. Alisema moto wa kwanza watauona wawili. Kuuona peke yake aliuona ni ulafi.

Atuti alikuja Alhamisi alasiri, na mvua ya Kedowa ambayo haimwagiki, inasukumwa na upepo. Ondieki alikuwa amesimama barabarani na Bonareri, mjane wa kwao Gusii aliyeuza uji hapo kwa wapita njia na kumwombea kila mtu bila kuombwa. Walimwona kijana mrefu akiteremka na sanduku kichwani. Nyuma yake, hatua kumi, alikuja mwanamke na kapu mgongoni na chungu mkononi.

"Baba," Atuti alisema, akiwa analowa. "Huyu ni Mokeira. Sikuweza kumwacha."

Mokeira alisimama pale pale mbali, uso chini, kama inavyompasa mke wa mtu mbele ya baba mkwe. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye viwiko. Na Ondieki, aliyekuwa amejiandaa kumpokea mtu mmoja, akaona amepewa wawili. Alikuwa na watu! Jikoni pake patasikika sauti!

"Huyu leo atalala kwangu," Bonareri alisema. "Kitanda kipo. Mpaka mpange."

"Akalale kwako kwa nini, na mimi nina nyumba?" Ondieki alimkata. "Laleni mle gerejini, laleni mle ndani, kuna kitanda na pakavu. Ila moto wa kupikia usiingie humo, kabaidi haitaki utani. Mafiga nitawawekea nje, chini ya upenu wa kule."

Bonareri alimtazama vibaya sana. Ondieki akadhani ni mvua.

Asubuhi Ondieki aliamka akiimba wimbo wa kanisani, nusu ya maneno hayajui. Akavaa miwani ya bluu kwenye paji la uso, akachukua mkebe wa kabaidi kwapani, akavuka ua. Mlango mkubwa wa gereji ulikuwa wazi. Ndani palikuwa pamefagiliwa. Kapu la Mokeira lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ambao jana ulikuwa wa spana, leso yake imeanikwa juu ya turubai, chungu kimesimama ukutani. Mokeira mwenyewe alikuwa anakunja blanketi. Alipomwona mzee anakuja alishtuka kama mtu aliyeona nyoka, akajibanza nyuma ya turubai, akajifunika uso.

Mguu wa Ondieki ulikuwa tayari hewani juu ya kizingiti. Ulibaki hewani. Halafu akaurudisha nyuma, taratibu, akauweka chini kwenye matope.

Kwa Wagusii baba haingii nyumba anamolala mwanawe na mkewe. Si suala la ugomvi wala la uchafu. Ni heshima, na heshima ile haina kipimo cha mvua wala cha haraka. Nadhani hata nyumba ikiungua watu wa kwao wangejadiliana kwanza nje. Nyumba ni ya mwanamke. Akishalala humo na mumewe, baba mkwe anasimama uani na kuita. Gereji ile jana ilikuwa ya lori. Usiku mmoja umeigeuza, na aliyeigeuza ni yeye Ondieki kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya Bonareri, shahidi aliyejaribu kumtahadharisha.

Alirudi chumbani kwake, akaketi kitandani na mkebe mapajani. Miwani ilikuwa bado kwenye paji la uso.

Usidhani hawakutafuta njia. Atuti alimfuata, akasema, "Baba, ingia tu. Siku hizi watu wa Nakuru wanaishi chumba kimoja na wazee wao, pazia katikati."

"Watu wa Nakuru ni wa Nakuru. Umemwona mkeo alivyojificha? Nikiingia, aibu ni yake."

Wakaenda kwa Mhindi kuomba wajenge kijumba cha tatu. Mhindi akatikisa kichwa kabla hawajamaliza. "Hapana, fundi. Mimi nataka saidia, lakini karatasi ya serikali nasema paa mbili tu. Bwana inspekta nakuja, navunja, napiga mimi faini." Kubadilishana nyumba nako hakukufaa, kwa kuwa mwana halali na mkewe katika nyumba ya baba yake. Wakafikiria kuvuta mipira mpaka uani, ikapimwa, ikaishia hatua nne kabla ya mlango. Mwisho Atuti aliazima mtaimbo akasema atavunja simiti, walitoe tangi nje.

"Ukivunja utapasua bati ya miguu," Ondieki alimwambia. "Bati ikipasuka, gesi inavuja, na siku moja mtapaa na paa lenu. Rudisha mtaimbo wa watu."

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza maishani alipojilaani kwa kufanya kazi vizuri.

Siku ya tatu, wateja wakiwa wameanza kuuliza, Ondieki alichukua kigoda, akakiweka nje nyuma ya gereji, mahali ambapo pembe ya tangi ilikuwa upande wa pili wa mbao. Alimwambia Atuti amwombe mkewe atoke kwanza, wasije wakachanganyikana. Mokeira akaenda kwa Bonareri. Hata hivyo Ondieki hakuingia, maana nyumba haiachi kuwa ya mtu kwa sababu ametoka kwenda kwa jirani. Alikaa na mgongo wake kwenye ukuta. Mbao zilikuwa na nyufa pana za kupitisha kidole. Angegeuka angeona kila kitu, na pia angeona kitanda. Hakugeuka.

"Umetia maji?"

"Nimetia."

"Mpaka kwenye alama?"

"Mpaka kwenye alama."

"Zungusha mkono wa juu, mara moja. Subiri."

Alisikia mawe yakianguka, kisha maji yakichemka bila moto. Harufu ikatoka kwenye nyufa ikampiga kisogoni, harufu ya miaka yake kumi na minne.

"Usiwashe! Hiyo gesi ya kwanza ina hewa ndani, iache itoke. Hesabu mpaka hamsini. Sasa kiberiti. Fungua mwekundu kidogo tu. Unaona nini?"

"Moto wa njano, Baba. Una masizi, masizi yananiingia puani!"

"Vizuri. Fungua mweusi. Polepole. Polepole, nimesema!"

Mara kukasikika "paa!", na kimya, na Atuti akatukana kidogo. Wakaanza upya. Mara ya tatu moto ulipiga filimbi, na mwanga ukatoka kwenye nyufa ukaandika mistari ya bluu juu ya majani mabichi mbele ya miguu ya Ondieki.

"Katikati kuna nini?"

"Kuna kama mkia mweupe."

"Mrefu?"

"Mrefu, unachezacheza."

"Ongeza mweusi mpaka ufupike. Uwe kama ncha ya penseli. Umefupika?"

"Umefupika, Baba. Umetulia. Lo! Ni mzuri!"

Ondieki aliamini. Moto wa kwanza wa mashine yake alielezwa. Alilia kidogo pale kwenye kigoda, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwona hakuona haya.

Sasa, ajabu ni kwamba siku zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko alivyotegemea. Asubuhi Mokeira alimletea uji mpaka katikati ya ua, akauweka juu ya jiwe na kurudi, kisha yeye akaufuata. Uji wake haukuwa na madonge. Mchana kutwa aliitwa. "Baba, chuma kinatoboka!" Sogeza mkono, unalala juu yake. "Baba, moto unapigapiga!" Kabaidi imekwisha, usiwe mvivu. "Baba, bado haujashika!" Umeacha kutu, kwangua kwanza, umefuta treni miaka mingapi? Plau zilipita mbele yake zikiingia zimevunjika na kutoka nzima, akizipokea mlangoni na kupapasa mshono kwa kidole gumba. Mshono mbaya aliurudisha. Mshono mzuri aliurudisha pia, mara moja moja, ili tu aitwe tena. Jioni alisimama uani kuhakikisha maji ya tangi yamemwagwa nje na tangi limesuuzwa kabla watu hawajalala. Masikio yake yalikuwa yamejifunza: kwa sauti ya moto alijua umbali wa mkono wa Atuti, alijua akichoka, alijua akiwaza mambo mengine.

Mwezi wa pili Bonareri alikuja akaketi kwenye kigunia mbele yake.

"Nimetumwa," alisema. "Na huyo mtoto wa watu. Anasema anaona unavyonyeshewa hapa nje kwenye mashine yako mwenyewe. Anasema Jumapili atarudi nyumbani kwa mzee Gekara, ili gereji iwe gereji, uingie ufanye kazi na mwanao."

Ndani ya ukuta moto ulikuwa unapiga filimbi.

"Atuti anajua?"

"Hajui. Mimi nasema kubali. Hakuna aliyekosea, na wewe unakohoa. Akienda, kila mmoja anakuwa mahali pake."

Sitaki kumfanya Ondieki malaika. Alitaka kukubali. Alitaka sana. Aliuona mkono wake ukishika lile bomba la shaba, aliona Atuti amesimama begani kwake, na hakuna mbao kati yao. Alikuwa amefungua mdomo.

Lakini alimjua mwanamke anayebaki nyumbani. Aliishi naye, kama unaweza kuita kuishi. Yunia, mama yake Atuti, alilima kilima kile cha Gusii peke yake miaka yote ambayo Ondieki alikuwa akizibia watu mabomba Kericho. Alikuwa akienda kumwona Krismasi, siku nane, na siku ya nne ndipo walipoanza kuzoeana. Mwaka wa nzige Yunia aliugua. Habari zilimfikia Ondieki akiwa chini ya mtambo, na alipofika nyumbani udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Hakuwahi kujua hata kama mkewe alikuwa akipenda uji mzito au mwepesi. Kwa miaka minne lilikuwa hilo ndilo lililomtesa, jambo dogo namna hiyo.

"Mwambie akae," alisema.

"Ondieki."

"Mwambie nimesema mimi, baba mkwe wake. Asirudi nyumbani kumngoja mtu. Na mwambie uji wake ni mzuri."

Bonareri akainuka, akapangusa kigunia. "Nitamwambia," alisema. Na kwa mara ya kwanza tangu Ondieki amjue, hakuongeza maombi.

Mokeira alikaa. Alianza kuimba kidogo asubuhi akidhani hasikiki. Ilipofika miezi ya baridi tumbo lake lilikuwa limeonekana, na Atuti alifanya kazi kwa bidii ya mtu anayetarajia mtoto. Hapo ndipo kuita kulipoanza kupungua. Kutoka mara kumi kwa siku kukawa mara nne. Kukawa mara moja, asubuhi, "Baba, leo mdomo namba ngapi?" naye anajibu, na baada ya hapo ni filimbi tu. Alitafuta makosa kwenye mishono. Alipapasa kwa gumba, akapapasa kwa ukucha, akaipeleka plau kwenye jua na kuigeuza. Mishono ilikuwa imelala sawasawa, midogo, imepangana. Ilikuwa mizuri kuliko yake.

Hakuacha kukaa pale. Angekwenda wapi? Kila asubuhi alitoa kigoda, akaweka mgongo ukutani, akasikiliza. Siku moja alisikia moto ukiwashwa bila kuulizwa neno. Gesi ya kwanza iliachwa itoke, akahesabu naye kimoyomoyo mpaka hamsini, na kiberiti kikapigwa kwenye hamsini kamili. Mkia ukafupishwa, aliusikia ukifupika. Halafu moto ukaingia chumani na kwenda mfululizo, bila kukatika, muda mrefu, na ulipozimwa Mokeira alisema kitu mle ndani na Atuti akacheka. Ondieki naye alitabasamu, ingawa hakusikia kilichochekesha.

Akakaa akingoja. Labda angeitwa aje aone.

Aliyekuja ni mkulima mmoja wa Kipsigis, mgeni, kutoka upande wa Kapkatet, amebeba ncha ya plau begani na matope mpaka magotini. Alizunguka gereji, akamkuta mzee amekaa peke yake nyuma ya ukuta, mikono mapajani.

"Chamgei, mzee," alisema. "Natafuta ile funti ya kuchomea chuma. Nimeampiwa iko hapa."

Ondieki aliitazama ile ncha. Ilikuwa imevunjika pabaya, kwenye kona, mahali panapohitaji mkono wenye subira. Alijua kabisa ni mdomo namba gani unaoifaa.

"Yuko ndani," alisema. "Zunguka mbele, upige hodi."